KISIWA KILICHOLIPA DENI LA MOSHI

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kulikana, wala kujificha mpaka mdai achoke. Leo nakuletea habari za watu wa kisiwa kimoja kidogo huko Ulaya ya kaskazini, wengi wao wakulima, ambao walitambua kwamba wana deni la namna ya pekee, yaani deni la moshi. Wakaketi, wakapiga hesabu, wakasimamisha vinu kumi vya upepo baharini ili walilipe. Soma mpaka mwisho, na ikiwezekana uwasomee walio nyumbani, maana mambo haya yako karibu nasi kuliko tudhanivyo.

DENI LA MOSHI NI NINI?

Mwenyezi Mungu ameizungushia dunia hewa kama blanketi jepesi. Mchana jua huipasha ardhi joto, na usiku blanketi hilo huzuia joto lisipotee lote. Bila hilo tungeganda kwa baridi. Lakini kwa muda wa miaka 200 na zaidi, wanadamu wamekuwa wakichoma makaa ya mawe, na baadaye mafuta ya petroli na gesi, kwa wingi usio na kifani, na moshi wake umelifanya blanketi kuwa zito. Gesi iliyo na kosa kubwa zaidi ni hewa ya ukaa. Kabla ya viwanda kuanza, katika kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwamo sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Mtu akijifunika mablanketi mawili wakati wa joto, hutoka jasho na kukosa usingizi. Ndivyo ilivyo dunia yetu sasa. Bahari zinapata joto, mvua huja kwa fujo mahali pengine, na pengine hazifiki kwa majira yake.

Tena hewa haina mpaka wala forodha. Moshi wa Ulaya haukai Ulaya. Mkulima wa Dodoma au wa Kitui asiye na gari wala kiwanda hupata fungu lake la joto sawasawa na tajiri mwenye magari matatu. Bara letu zima la Afrika hutoa chini ya sehemu 5 katika kila 100 za hewa ya ukaa itokayo katika makaa ya mawe, mafuta na gesi. Ndiyo sababu naliita jambo hili deni. Mmoja amekula, na mwenzake aliyekaa mbali na meza anadaiwa chakula.

KISIWA CHENYEWE

Kisiwa nikisemacho huitwa Samsø, nacho ni cha nchi ya Denmark. Si kikubwa. Eneo lake ni kilometa za mraba 114 hivi, na wakazi wake hawafiki 4,000, nao hukaa katika vijiji vidogo vidogo. Wanajulikana katika nchi yao kwa viazi vya mapema na kwa matunda ya stroberi. Atakaye kwenda huko hupanda kivuko, maana hakuna daraja.

Hadi mwaka 1997 kisiwa hicho hakikuwa na jambo la kukitenga na vingine. Umeme wake ulikuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara, na huko bara ulizalishwa zaidi kwa makaa ya mawe. Mafuta ya kupashia nyumba joto yaliletwa kwa meli, na usisahau kwamba kule siku za baridi maji huganda yakawa mawe. Kwa hiyo kila mwezi fedha za wanakijiji zilivuka bahari kwenda kulipia umeme na mafuta, wala hazikurudi. Pia vijana walikuwa wakihama kutafuta kazi mijini. Je, si maneno tunayoyajua na sisi?

Mwaka huo waziri wa mazingira na nishati wa Denmark, Svend Auken, alitangaza mashindano. Alitaka kujua ni kisiwa gani au wilaya gani inayoweza kuandika mpango wa kweli wa kuacha makaa ya mawe na mafuta, na kutumia nguvu zisizokwisha kama upepo, jua na mabua ya mashambani, katika muda wa miaka kumi. Samsø iliandika mpango wake ikashinda. Wengine walidhani kwamba mshindi atapewa gunia la fedha. La, zawadi yenyewe ilikuwa ni jina, na kazi ya kuutimiza mpango.

MWALIMU NA KIKOMBE CHA KAHAWA

Mpango ulio kwenye karatasi haupiki ugali. Alihitajika mtu wa kuutia miguu. Akapatikana Søren Hermansen, mtoto wa mkulima wa papo hapo kisiwani, aliyekuwa akifundisha shuleni mambo ya mazingira. Yeye hakuwa waziri wala tajiri. Alikuwa mwalimu tu aliyewajua watu kwa majina yao na kwa mashamba yao.

Wenyeji hawakumpokea kwa vigelegele. Wakulima wa kule ni kama wakulima wa kwetu, hungoja kwanza waone jirani amefanya nini na amevuna nini. Basi mwalimu huyo akawa mtu wa mikutano. Palipokuwa na mkutano wa kijiji, alikuwapo. Alikunywa kahawa na watu, akasikiliza malalamiko yao, akarudi tena wiki ifuatayo. Hakuwatisha kwa habari za barafu inayoyeyuka mbali. Aliwauliza kuhusu kazi, gharama za mafuta, na fedha zinazovuka bahari. Akatafuta kwanza wale wenye kuheshimiwa katika kijiji, fundi wa mabomba na mkulima mwenye busara, kwa maana alijua kwamba hao wakikubali, wengine watafuata.

Ilipofika mwaka 2000, vinu 11 vya upepo vilisimama mashambani, kila kimoja cha megawati 1. Sasa tazama jambo hili kwa makini. Katika vinu hivyo, 9 vilikuwa mali ya wakulima, na 2 vilikuwa mali ya vyama vya ushirika ambavyo wanakijiji wa kawaida walinunua hisa zake. Hapakuwa na hata kimoja cha mtu wa mbali asiyejulikana. Vinu hivyo peke yake vilitosha kuzalisha kwa mwaka umeme wote uliotumika kisiwani.

Kuhusu joto la nyumba, walijenga matanuru makubwa katika vijiji kadhaa, yanayochoma mabua ya ngano ambayo zamani yaliachwa shambani. Moto huo hupasha maji, na maji hayo hupita katika mabomba chini ya ardhi yakaingia nyumba hata nyumba. Katika upande wa kaskazini waliongeza mitambo ya jua. Mkulima akauza mabua, fundi akapata kazi ya mabomba, na mama wa nyumba akaacha kununua mafuta.

VINU KUMI BAHARINI

Likabaki deni moja gumu, nalo ni la magari, matrekta, na hasa vivuko vinavyokula mafuta mengi kila siku. Miaka ile hapakuwa na gari la umeme la kumfaa mkulima, na kivuko hakiwezi kuendeshwa kwa mabua. Na bila vivuko kisiwa kingekufa njaa. Wafanye nini?

Wakasema hivi: “Ikiwa hatuwezi kuuzuia moshi huu leo, basi na tuzalishe umeme safi wa ziada, tuupeleke bara, ili huko bara wachome makaa ya mawe machache zaidi. Kiasi tunachochafua sisi, tukizuie mahali pengine.”

Ili kupata umeme mwingi kiasi hicho, ilibidi waende baharini. Kusini mwa kisiwa, kiasi cha kilometa tatu na nusu kutoka pwani, pana fungu la mchanga liitwalo Paludans Flak, ambapo maji si ya kina kirefu. Hapo ndipo vilisimamishwa vinu kumi, vikaanza kazi mwaka 2003. Kila kinu kina nguvu ya megawati 2.3, na vyote pamoja ni megawati 23. Panga moja likielekea juu, ncha yake hufika mita 100 hivi juu ya maji. Chukua minazi minne mirefu, uipandishe mmoja juu ya mwingine, ndipo utapata urefu huo.

Pengine utauliza, kwa nini wahangaike na bahari, wakati nchi kavu ni rahisi kujenga? Sababu ni upepo wenyewe. Nchi kavu ina vilima, miti na nyumba za kuuvunja, lakini juu ya maji upepo hukimbia bila kizuizi. Tena nguvu ya upepo ina siri yake. Mwendo wa upepo ukizidi mara mbili, nguvu iliyomo haizidi mara mbili tu, bali huzidi mara nane. Kwa hiyo tofauti ndogo ya upepo huleta tofauti kubwa ya umeme. Mabaharia wetu wa pwani hawatashangaa kusikia hayo, kwa sababu kaskazi na kusi zilivusha majahazi yao miaka mingi kabla ya injini kujulikana.

Kazi ya kinu ni rahisi kueleweka. Nguzo nene ya chuma hupigiliwa katika sakafu ya bahari, na juu yake husimikwa mnara. Kileleni hukaa kichwa chenye mapanga matatu. Kichwa hicho hugeuka chenyewe kuutazama upepo. Mapanga yakizunguka huzungusha jenereta, na umeme hushuka ndani ya mnara ukaingia katika waya uliozikwa chini ya bahari mpaka pwani. Upepo ukiwa mdogo sana, kinu husimama. Ukiwa tufani, yaani ukipita mwendo wa mita 25 kwa nukta moja, mapanga hugeuzwa yasishike upepo, ili kinu kisiharibike.

Gharama ya vinu hivyo kumi ilikuwa krona za Denmark milioni 250 hivi. Nani alitoa? Vitano vilinunuliwa na halmashauri ya kisiwa, yaani ni mali ya wakazi wote. Vitatu vilikuwa vya wakulima na wenye fedha waliojiunga. Viwili viligawanywa kwa hisa ndogo ndogo, hata mtu asiye na shamba akaweza kuwa na kipande chake cha kinu. Halmashauri ilikopa ili kununua, na faida ya vinu vyake ilitakiwa irudi katika kazi za nishati, isipotelee katika matumizi mengine.

HESABU YA KARANI

Mimi ni karani wa parokia, na vitabu vya hesabu ndio mkate wangu. Kitabu cha fedha kina pande mbili, upande wa yaliyoingia na upande wa yaliyotoka. Mwisho wa mwaka pande hizo hulinganishwa. Watu wa Samsø walifanya vivyo hivyo kwa moshi. Upande mmoja waliandika moshi wa vivuko, magari na matrekta. Upande wa pili waliandika moshi uliozuiwa huko bara kwa umeme wa vinu vyao. Waliposawazisha kitabu, upande wa malipo ulizidi upande wa deni. Kisiwa kikawa kinazalisha kwa mwaka nguvu safi nyingi kuliko zote kinazotumia. Mwaka 2008 gazeti la Time la Marekani lilimtaja yule mwalimu miongoni mwa mashujaa wa mazingira, na mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ulikipa kisiwa hicho tuzo kwa kazi yake ya kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto.

Lakini msomaji mwenye akili atanyanyua mkono aseme: “Ngoja, karani. Kivuko bado kinatoa moshi! Hesabu yako ni nzuri, ila moshi uko palepale.”

Neno hilo ni la haki, na lisipojibiwa habari yote hii ni bure. Sisi Wakatoliki tunafundishwa kwamba aliyeiba hapaswi kuungama tu, hana budi kurudisha. Zakayo, mtoza ushuru, hakutosheka na kuona haya mbele ya Bwana. Aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Malipizi ni kitu kitakatifu. Lakini Zakayo hakurudisha kwa mkono mmoja huku akiendelea kuiba kwa mkono wa pili. Mume anayempiga mkewe kila usiku, kisha kila asubuhi akamletea khanga mpya, hajalipa kitu, hata kabati likijaa khanga.

Basi vinu vya baharini vingekuwa khanga za mume huyo kama watu wa Samsø wangeishia hapo. Hawakuishia hapo. Mwaka 2015 halmashauri yao ilipata kivuko kipya kinachotumia gesi badala ya mafuta. Si dawa kamili, maana gesi nayo ni moto wenye moshi wake, ila ni hatua. Magari ya umeme yalipofika sokoni, wakaanza kuyanunua. Tena walijiwekea lengo la kuacha kabisa mafuta, gesi na makaa ya mawe ifikapo mwaka 2030. Kujenga vinu, ijapokuwa vina urefu wa mita 100, kulikuwa rahisi kuliko kuondoa moshi katika maisha ya kila siku.

Kuna swali la pili, nalo pia ni la haki: upepo ukilala, je? Upepo ukilala, ule waya wa chini ya bahari huwaletea umeme kutoka bara, na ukivuma sana, waya huohuo huupeleka umeme nje. Denmark yenyewe imeunganishwa kwa nyaya na majirani zake. Na Norwei, yenye mabwawa makubwa ya maji milimani, imeunganishwa nayo tangu miaka ya 1970. Upepo ukivuma Denmark, Norwei huweza kuyaacha maji yake yakae bwawani. Ukilala, hufungua maji, na umeme ukavuka kuja kusini. Kwa hiyo hata kisiwa hiki kinachosifiwa kwa kujitegemea kinawahitaji jirani zake. Hakuna kijiji wala nchi iwezayo kuliondoa deni la moshi peke yake.

NCHI NZIMA NA JIRANI ZAKE

Usidhani kwamba Samsø ilianza kutoka patupu. Mwaka 1891 mwalimu mwingine wa Denmark, Poul la Cour, alijenga katika shule ya Askov kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda ghafula duniani, Denmark ilikuwa ikitegemea mafuta ya kigeni kwa karibu kila kitu, hata serikali ikakataza watu kuendesha magari siku ya Jumapili. Mafundisho hayo hawakuyasahau. Mwaka 1991 wakajenga mbele ya kijiji cha Vindeby kundi la kwanza duniani la vinu vya baharini, vinu 11 vya kilowati 450 kila kimoja. Vilifanya kazi miaka 25, vikaondolewa mwaka 2017.

Mwaka 2000 vilisimamishwa vinu 20 mbele ya bandari ya Copenhagen, mahali paitwapo Middelgrunden. Nusu ilikuwa mali ya shirika la umeme la mji, na nusu ya pili ilikuwa mali ya chama cha ushirika chenye wanachama zaidi ya 8,000. Mpango wa kwanza ulikuwa wa vinu 27 katika mistari mitatu. Wananchi walilalamika kwamba vitaharibu sura ya bahari, mpango ukarekebishwa, vikawa 20 katika mstari mmoja uliopinda kama upinde. Leo zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark hutoka katika upepo wa nchi kavu na wa baharini.

Nchi jirani zikafuata. Mwaka 2022 wakuu wa Denmark, Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji walikutana katika mji wa Esbjerg. Mwaka 2023 nchi tisa zilikutana Ostend, zikaahidi kufikisha gigawati 300 za upepo wa baharini ifikapo mwaka 2050. Gigawati moja ni megawati 1,000. Linganisha na zile megawati 23 za Samsø, utaona ukubwa wa ahadi hiyo.

Hata hivyo ahadi si umeme. Mwaka 2024 serikali ya Denmark ilitangaza zabuni ya maeneo makubwa katika Bahari ya Kaskazini, na hakuna kampuni hata moja iliyoomba. Chuma kilikuwa kimepanda bei, riba za mikopo zilikuwa zimepanda, na makampuni yaliona faida haitoshi. Tena vinu vya siku hizi vimekuwa majitu. Kimoja huweza kuwa na megawati 15, zaidi ya nusu ya vile kumi vya Samsø vikijumlishwa. Mkulima wa viazi hawezi kukinunua kinu cha namna hiyo, hata akishirikiana na kijiji chake chote. Kwa hiyo kazi inaelekea mikononi mwa wenye fedha nyingi, na wenye fedha nyingi wasipoona faida husimama. Kadiri mitambo inavyokuwa mikubwa, ndivyo mwananchi anavyosukumwa mbali nayo.

VINU VYA DENMARK VILIPOFIKA KWETU

Sasa turudi Afrika ya Mashariki, maana vinu vilivyotengenezwa na Wadenmark vimefika huku pia. Katika kaunti ya Marsabit huko Kenya, karibu na Ziwa Turkana, kuna vinu 365 vilivyotengenezwa na kampuni ya Vestas ya Denmark. Nguvu yake yote ni megawati 310. Viko nchi kavu, mahali palipo na upepo mkali sana, navyo vilizinduliwa rasmi mwaka 2019. Kwa upande wa umeme ni kazi kubwa, na Kenya ina haki ya kujivunia kwamba umeme wake mwingi hautokani na makaa ya mawe.

Lakini ardhi iliyotengwa kwa ajili hiyo ilikuwa ekari 150,000, na ilikuwa nchi ya wafugaji. Baadhi yao walikwenda mahakamani wakisema kwamba ardhi ya jamii ilitolewa bila kufuata sheria na bila wao kushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2021 mahakama ya ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha utaratibu.

Pima mambo haya mawili, ndugu msomaji. Upepo ni uleule wa Mungu, na ufundi umetoka nchi ileile. Kule Samsø mwenyeji alikaa mezani tangu siku ya kwanza, akauliza, akabisha, akanunua hisa. Mapanga yakizunguka, anajua kwamba na yeye anapata kitu. Kule Marsabit walikuwapo wenyeji walioona kwamba meza iliandaliwa bila wao, na wakatafuta kiti chao mbele ya hakimu. Hewa safi ni jema, lakini jema lililojengwa bila haki huzaa kesi.

YATUPASA NINI SISI?

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliandika mwaka 2015 barua yake ya Laudato Si’ juu ya kuitunza dunia, nyumba yetu sote. Ndani yake alisema wazi kwamba nchi tajiri zina deni kwa nchi maskini kwa sababu ya uharibifu wa mazingira. Tena alivitaja kwa sifa vyama vya ushirika ambavyo mahali pengine wananchi wameviunda ili wazalishe nishati yao wenyewe, hata kuuza inayozidi. Anayesoma barua hiyo na kukumbuka Samsø ataona kwamba Papa hakuwa akiota ndoto.

Pengine utasema: “Sisi kijijini hatuna bahari, wala fedha za vinu.” Ni kweli kwa wengi wetu. Lakini siku hizi vijijini mwetu wanafika wageni wengi wenye makaratasi. Huyu anataka eneo la mitambo ya jua. Yule anataka kilima cha kupimia upepo. Mwingine amekuja na mkataba wa hewa ya ukaa, akitaka msitu wa kijiji ulindwe kwa miaka mingi ili kampuni ya ng’ambo iandike katika kitabu chake kwamba imelipa deni lake la moshi. Simshutumu yeyote kati ya hao. Baadhi yao huleta manufaa ya kweli, zikajengwa zahanati na madarasa. Nasema tu kwamba mgeni wa namna hiyo yatupasa kumpokea kwa heshima, na kumwuliza maswali kama watu wazima.

Katika mkutano mkuu wa kijiji, waulizeni haya. Nani atamiliki mtambo au mkataba huu, na kijiji kina hisa gani ndani yake? Faida itagawanywaje, na nani atakishika kitabu cha hesabu? Ardhi itashikwa miaka mingapi, na baada ya hapo itarudi kwa nani? Mtambo ukizeeka, kama vile vya Vindeby vilivyozeeka, nani atauondoa? Na huyo anayelipa deni lake kwetu, je, huko kwao anapunguza moshi wake kweli, au ananunua khanga tu?

Akina mama nao waulize, wasingoje kuulizwa, kwa sababu maji na kuni vikipungua wao ndio hutembea mbali. Vijana waliosoma wawasomee wazee mkataba neno kwa neno, kwa lugha wanayoielewa. Asiyejua kusoma haoni haya kuuliza. Mwenye kuona haya ni yule anayejua na akanyamaza. Jibu likikosekana, kalamu ingoje. Samsø walikunywa kahawa miaka kadhaa kabla ya kinu cha kwanza kuzunguka, na kuchelewa huko hakukuwapotezea kitu.

Na sisi wenyewe tusisahau sehemu yetu, ingawa ni ndogo. Msitu unaochomwa ovyo na mkaa unaokatwa bila kupanda miti mingine ni moshi wetu, na hatuwezi kumdai jirani wa mbali huku tukilificha deni la nyumbani. Chama cha ushirika cha kahawa, kikundi cha kuweka na kukopa, jumuiya ndogondogo ya Kikristo, vyote hivyo tunavyo tayari, na watu wa Samsø hawakuanza na zaidi ya hivyo: majirani wanaofahamiana, kitabu cha hesabu kilicho wazi, na mtu mmoja asiyechoka kuhudhuria mikutano.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.